Viza ya 494 ya Australia: mwajiri anabeba nini, wewe unabeba nini

Neno "sponsa" limechakaa Arusha. Mpishi wa lodge akiambiwa na rafiki yake aliyeko Perth kwamba bosi wake yuko tayari kumdhamini, picha inayomjia kichwani ni barua: bosi ataandika, ubalozi utasoma, viza itatoka. Barua ya namna hiyo haipo. Kwa viza ya wenye ujuzi wanaodhaminiwa na waajiri wa mikoani Australia, ile inayoitwa kwa namba yake 494, yapo maombi matatu. Mawili ni ya mwajiri na moja ni la mfanyakazi, na kila moja lina masharti yake na mahali pake pa kukwamia. Anayejua ombi lipi ni la nani huwa mgumu kupigwa na matapeli wa kwenye magrupu ya WhatsApp.

Viza hii ilianza Novemba 16, 2019, ikachukua nafasi ya ile ya zamani iliyoitwa 187. Inadumu miaka 5. Ukiishi nayo miaka 3 kwa kufuata masharti, unaweza kuomba ukaazi wa kudumu kwa viza ya 191. Ipo pia 482, ndugu yake, ambayo haimfungi mtu mikoani na inaridhika na uzoefu wa mwaka 1. Tapeli huzichanganya hizi mbili makusudi: anatangaza masharti mepesi ya 482 na faida za 494.

Tuanze na neno "mikoani", kwa sababu linapotosha. Kwa viza hii, mikoani ni Australia yote isipokuwa Sydney, Melbourne na Brisbane. Perth, jiji la watu zaidi ya milioni 2, linahesabiwa mikoani. Adelaide, Canberra, Gold Coast, Newcastle, Geelong na Hobart nazo ni hivyo hivyo. Kinachoamua ni postikodi ya mahali pa kazi, si jina la mji wala ukubwa wake. Kwa hiyo mkataba ukikufikia, kitu cha kwanza kutafuta ni anwani ya kazi na tarakimu zake 4 za postikodi. Ofa ya hoteli ya katikati ya Sydney iliyoandikwa "494" imekufa, wala huna haja ya mwanasheria kukuambia hilo.

Upande wa mwajiri

Ombi la kwanza ni la kampuni yenyewe kuidhinishwa kuwa mdhamini. Inathibitisha kwamba inafanya biashara halali na haina doa na mamlaka, inalipa dola 420 za Australia, na idhini inadumu miaka 5. Hatua hii ni nyepesi. Kampuni inaweza kuwa na idhini na bado ishindwe kukuchukua, maana idhini hiyo haitaji jina la mfanyakazi yeyote.

Ombi la pili, la uteuzi wa nafasi, ndilo lenye mifupa. Hapa mwajiri anasema: nina nafasi hii, ya namba hii, kwa mtu huyu, kwa mshahara huu. Nafasi iwe ya kweli, ya muda wote, na yenye dalili ya kuendelea kuwepo miaka 5. Kazi iwe kwenye orodha ya 494, ambayo si sawa na ile ya 482. Kabla ya hapo mwajiri awe ametangaza nafasi hiyo ndani ya Australia, angalau matangazo mawili kwa siku 28, na asipate mtu wa kufaa. Kisha kipo chombo cha eneo husika, ambacho hutoa ushauri kama mshahara unaotajwa unalingana na anaolipwa Mwaustralia kwa kazi ile ile mahali pale pale. Mwajiri asipouomba ushauri huo, uteuzi wake hauna miguu.

Mshahara una vizingiti viwili, na lazima vyote viwili vivukwe. Kimoja ni huo wa soko. Kingine ni kima cha chini kwa wafanyakazi wa aina hii, ambacho kuanzia Julai 1, 2025 kilikuwa dola 76,515 kwa mwaka na hupandishwa kila Julai. Gawanya kwa 12 upate dola 6,376 kwa mwezi. Ukigawanya kwa wiki 52 za saa 38, inakuja dola 38.72 kwa saa. Sasa chukua ofa inayosambazwa ya "dola 4,500 kwa mwezi, chakula na malazi bure". Ni dola 54,000 kwa mwaka. Nafasi ya mshahara huo haipiti kwenye uteuzi, hata mwajiri awe mwema namna gani. Chakula na malazi havijazi pengo, maana kinachopimwa ni pesa iliyohakikishwa.

Ipo janja nyingine iliyo laini zaidi. Australia, mwajiri anamchangia mfanyakazi akiba ya uzeeni, asilimia 12 ya mshahara, sawa na NSSF ya huku ila anayelipa ni mwajiri. Kiasi hicho kinatakiwa kiwe juu ya zile dola 76,515, si ndani yake. Mkataba ukisema "jumla dola 76,515 pamoja na akiba", mshahara wenyewe umeshuka hadi takribani 68,300, na uteuzi utakataliwa. Ukiona neno "pamoja" karibu na tarakimu za mshahara, uliza pamoja na nini.

Kabla hujaanza kuzidisha kwa shilingi, toa kodi. Kwa mwaka wa kodi wa 2025/26, mkazi anayepata 76,515 anakatwa takribani dola 13,740 za kodi ya mapato, na dola 1,530 za mchango wa afya. Kinachobaki ni kama dola 1,178 kwa wiki, na kodi ya nyumba Australia inalipwa kwa wiki pia.

Mwisho kuna tozo ya mafunzo, inayolipwa mara moja wakati wa uteuzi: dola 3,000 kwa biashara yenye mauzo ya chini ya dola milioni 10 kwa mwaka, na dola 5,000 kwa iliyofikia hapo au zaidi. Tozo hii ni ya mwajiri. Sheria inamkataza kumrudishia mfanyakazi mzigo huo, iwe kwa kumdai au kwa kumkata mshahara kidogo kidogo. Gharama za kutafuta mfanyakazi, na za wakala aliyeshughulikia udhamini na uteuzi, nazo ni zake. Ndiyo maana mwajiri wa kweli huonekana mzito na mwenye maswali mengi: kabla hujapanda ndege ameshatumia maelfu ya dola juu yako. Anayekubali haraka, bila kukuhoji hata kwa simu, na kabla hujamwonyesha cheti chochote, hana anachohatarisha.

Upande wako

Unapoomba uwe hujafikisha miaka 45, isipokuwa kwa makundi machache yaliyosamehewa. Uwe na uzoefu wa miaka 3 ya kazi ya muda wote katika fani hiyo, kwa kiwango cha ujuzi kinachotakiwa. Uwe na tathmini ya ujuzi iliyokubaliwa. Kiingereza ni alama 6 za mtihani wa IELTS katika kila sehemu, si wastani: aliyepata 7.5 ya kuongea na 5.5 ya kuandika ameanguka, na kwenye kuandika ndiko wengi hujikwaa. Mtihani uwe umefanywa ndani ya miaka 3 kabla ya kuomba, tena kwenye kituo, kwa sababu ile inayofanywa nyumbani kwa kompyuta haipokelewi. Pasipoti ya Tanzania au ya Kenya haikusamehe mtihani huu.

Tathmini ya ujuzi inastahili kukaa nayo. Kila kazi ina namba ya tarakimu 6 na chombo chake cha kutathmini. Mafundi na wapishi wengi wanaangukia kwa Trades Recognition Australia, ambacho kwa kifupi ni TRA. Usicheke: tumeona watu wakikusanya nyaraka za kodi kwa kudhani ndiyo TRA yetu ya mapato inayodai. Chombo hicho hakikuulizi kama wewe ni hodari. Kinauliza kama karatasi zinathibitisha kwamba ulisomea kazi hiyo, uliifanya, na ulilipwa kwa kuifanya.

Namba ya kazi inaamuliwa na majukumu, si na cheo. Mpishi wa namba 351311 ni yule anayepanga menyu, anayekadiria gharama za chakula na kusimamia wenzake jikoni. Anayepika kwa kufuata menyu iliyopangwa na mwingine ana namba yake, 351411. Kwenye lodge zetu kila aliyevaa kofia nyeupe huitwa shefu, na hapo ndipo matatizo yanapopikwa: barua inasema shefu, majukumu yaliyoorodheshwa ni ya mtu wa kukata mboga. Kwa mafundi ni vile vile. Fundi wa Unga Limited anayefungua injini za Land Cruiser za safari anaweza kuwa fundi wa dizeli, namba 321212, au fundi wa magari wa jumla, 321211. Asichague kwa kuangalia ipi inasikika vizuri. Achague ile ambayo kazi zake za kila siku zinaielezea, na ambayo mwajiri ameitaja kwenye uteuzi. Namba mbili tofauti kwenye faili moja ni ombi lililokufa.

Vyeti vya VETA huku vina sura mbili. Wa zamani wana majaribio ya ufundi ya daraja la III, II na I, wa sasa wana tuzo ya taifa ya ufundi stadi, NVA, ngazi ya I hadi III. Mtathmini wa Australia hajui tofauti hiyo mpaka aelezwe, kwa hiyo cheti peke yake hakitoshi. Chukua chuoni, iwe ni kile cha hoteli na utalii cha Njiro au VETA Moshi, barua inayoonyesha ulianza lini, ulimaliza lini, saa ngapi za darasani na ngapi za karakana au jikoni, na masomo yenyewe. Chochote kilicho kwa Kiswahili kitafsiriwe, na nakala ya Kiswahili iambatane na tafsiri.

Kisha barua ya mwajiri wako wa hapa. Barua ya kawaida ya Arusha inasomeka hivi: "Tunathibitisha kuwa mtajwa alifanya kazi nasi kwa uaminifu na bidii, tunamtakia kila la heri." Inafaa kuombea mkopo wa saccos. Kwa tathmini haina kitu. Inayotakiwa ina kichwa cha kampuni, anwani na simu inayopokelewa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza kwa siku, mwezi na mwaka, cheo, saa za kazi kwa wiki, mshahara, majukumu yaliyoandikwa moja moja kwa maneno ya jikoni au gereji yenyewe, na saini ya mtu mwenye jina na cheo. "Kufanya matengenezo ya magari" ni hewa. "Kufungua na kukagua pampu ya dizeli, kupima na kubadilisha nozeli, kurekebisha difu na gia boksi za Land Cruiser 70" ni kazi inayoonekana. Majukumu yasinakiliwe neno kwa neno kutoka kwenye maelezo rasmi ya namba hiyo. Watathmini wanayajua kwa kichwa, na barua tano zenye sentensi zile zile huzusha shaka kwa wote watano.

Barua inahitaji mashahidi. Shahidi mwenye nguvu ni taarifa ya michango ya NSSF, na huyu huyu ndiye anayewaangusha wengi. Barua inasema ulianza 2019, michango inaanza 2022. Au barua inasema mshahara ni laki nane, michango imekatwa kwenye laki tatu, kwa sababu mwajiri alikuwa akikwepa kuchangia kiasi kamili. Mtathmini akiona tofauti ataamini taarifa ya NSSF. Ongeza slipu za mshahara na taarifa ya benki. Mshahara uliokuwa ukilipwa mkononi Ijumaa jioni hauachi alama, na miaka 10 ya kazi nzuri inaweza kuhesabiwa kuwa 0. Aliye na mpango wa kuondoka baada ya miaka miwili aanze leo kudai alipwe benki na achangiwe kiasi kamili. Hiyo ni kazi ya kuanza kabla hata ya kumtafuta mwajiri.

Wapishi wa kambi wana tatizo lao. Kambi nyingi hufungwa msimu wa masika, Aprili na Mei, na wafanyakazi hurudishwa nyumbani bila malipo. Miezi isiyo na kazi haihesabiwi. Misimu mitatu ya miezi 10 ni miezi 30, na kinachotakiwa ni 36. Barua isitaje "2021 hadi 2024" kwa mkupuo. Iandike kila msimu na tarehe zake, maana ikigundulika baadaye kwamba kambi ilikuwa imefungwa, kosa linageuka kutoka uzoefu pungufu kuwa taarifa ya uongo, na hilo linaweza kukufungia mlango kwa miaka.

Wauguzi waliosomea KCMC au kwingineko wasiishie kwenye tathmini. Uuguzi Australia una usajili wake wa kitaaluma, na kiwango chake cha Kiingereza kiko juu kuliko cha viza. Mafundi umeme nao wanakutana na leseni za jimbo.

Afya na tabia ni rahisi ila zina mitego ya muda. Vipimo hufanywa kwa daktari aliye kwenye orodha ya Australia, kwa namba maalumu unayopewa. Usitangulize X-ray ya hospitali ya jirani, ni pesa ya bure. Matokeo kwa kawaida yanadumu miezi 12. Cheti cha polisi kinatakiwa kwa kila nchi uliyoishi miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita tangu ufikishe miaka 16. Aliyefanya kazi Dubai au Doha aanze na huko, kwa sababu kukipata ukiwa umesharudi Sakina kunachukua muda kuliko cha Tanzania.

Ada ya viza inakaribia dola 5,000 za Australia na hupanda kila Julai. Mwenzi wako analipiwa karibu kiasi hicho hicho, mtoto wa chini ya miaka 18 karibu robo yake. Hairudishwi ukikataliwa. Na kwa wanandoa kuna kitu ambacho mawakala wengi wa hapa hawakijui: mwenzi mtu mzima asiyethibitisha Kiingereza cha msingi hutozwa karibu dola 4,900 zaidi. Njia moja ya kuthibitisha ni kuwa alisoma sekondari kwa Kiingereza kwa angalau miaka 5. Aliyemaliza kidato cha nne ana 4, hazitoshi. Aliyemaliza cha sita ana 6, na barua ya shule inayosema ufundishaji ulikuwa kwa Kiingereza inaweza kumwokolea pesa hiyo. Wa kidato cha nne afanye IELTS, wastani wa 4.5 unatosha.

Pesa isiyostahili kutoka mfukoni mwako

Tangu Desemba 14, 2015 ni kosa Australia kuuza au kununua udhamini. Angalia vizuri: na kununua. Aliyelipa "dola 3,000 za sponsa" hawezi kukimbilia polisi akiwa msafi, na viza aliyoipata kwa njia hiyo inaweza kufutwa. Malipo ya halali yana majina: mtihani, tathmini, ada ya viza, daktari, cheti cha polisi, na ada ya wakala anayekuandalia ombi lako wewe, la tatu. Kitu chochote kinachoitwa "kushika nafasi" au "kumlainisha mwajiri" hakina jina kwenye orodha hiyo.

Kukagua hakugharimu. Kampuni ya Australia ina namba ya biashara ya tarakimu 11 inayoweza kutafutwa bure mtandaoni, na utaona jina, hali na postikodi yake. Wakala wa uhamiaji wa Australia ana namba ya usajili ya tarakimu 7 kwenye daftari la wazi, isipokuwa mwanasheria wa huko, ambaye tangu Machi 2021 si lazima awe nayo. Wakala wa ajira wa hapa anatakiwa kuwa na leseni ya serikali, na TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, ndipo pa kuulizia. Ofisi nzuri pale Clock Tower si leseni.

Ukishafika

Una siku 90 za kuanza kazi. Unafanya kazi uliyoteuliwa, kwa mdhamini wako, na wewe na familia mnaishi, mnafanya kazi na kusoma mikoani tu. Mwenzi anaweza kumfanyia kazi yeyote, mradi asitoke nje ya maeneo hayo. Mnaingia kwenye bima ya afya ya taifa, Medicare, jambo ambalo mwenye 482 kutoka Tanzania halipati.

Ukigombana na mdhamini, au biashara ikifungwa, viza haifi siku hiyo. Tangu Julai 1, 2024 una siku 180 kwa mkupuo mmoja, zisizozidi 365 kwa muda wote wa viza, za kutafuta mdhamini mwingine, na katika siku hizo unaruhusiwa kufanya kazi nyingine mikoani. Mdhamini mpya lazima awe ameidhinishwa na uteuzi wake upite kabla hujahesabiwa kuwa wake. Mwajiri anayekutisha kwamba "nikikuacha unarudishwa kesho" anasema uongo, na tangu tarehe hiyo hiyo kumshurutisha mfanyakazi kwa kutumia viza yake ni kosa la jinai. Ukitaka kurudi nyumbani, mwandikie kwa maandishi: nauli ya kurudi ya kiasi, yako na ya familia uliyokuja nayo, ni wajibu wake.

Kwa viza ya 191 utaonyesha hati za makadirio ya kodi za miaka 3 ya mapato na ushahidi kwamba hukutoka mikoani: mikataba ya nyumba, bili, shule za watoto. Anayekubali nusu ya mshahara mkononi ili akwepe kodi anajitobolea mtumbwi. Na mwenye ndoto ya kwenda mbele ya 191, hadi uraia, ajue kwamba Tanzania hairuhusu uraia pacha. Kiwanja cha Usa River kilichoandikwa jina lake kama raia kipangiwe utaratibu kabla hajala kiapo.